Nani Alimwamuru Mgonjwa wa Mapafu Alale?

Siku hizi, katika hospitali nyingi kubwa za Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, mtu aliyeondolewa sehemu ya pafu kwa sababu ya saratani hupewa, pamoja na dawa zake, ratiba ya kutembea, kuendesha baiskeli ya mazoezi, kunyanyua uzani mwepesi na kujizoeza kupumua. Penye huduma kamili huwekewa pia vikao vya kumsaidia kukabiliana na msongo wa mawazo. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa mtindo wa karne hii, ulioletwa na wapenda klabu za mazoezi. Wengine, na mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa, huuona ni ukatili: mtu ametoka kwenye kisu juzi, kifua hakijapona, nanyi mnamwambia apande ngazi? Hoja yangu ni kwamba historia haiwaungi mkono hawa wala wale. Ugomvi kati ya kulala na kuinuka una zaidi ya miaka 150 katika tiba ya mapafu. Ulianza kwenye kifua kikuu, wakati saratani ya mapafu ikiwa bado ugonjwa adimu ambao madaktari wengi hawakuwahi kuuona. Na kwa sehemu kubwa ya muda huo upande wa kulala ulishinda bila kutakiwa kuleta ushahidi.

Mwanzoni mambo hayakuwa hivyo. Hermann Brehmer, daktari wa Kijerumani aliyefungua kituo chake katika kijiji cha Görbersdorf, Silesia, miaka ya 1850, alikuwa muumini wa milima na miguu. Alidhani wagonjwa wa kifua kikuu wana moyo mdogo usioweza kusukuma damu ya kutosha, na kwamba hewa ya mlimani pamoja na kupanda mteremko kidogo kidogo vingeupa moyo huo nguvu. Nadharia yake ilikuwa ya makosa. Ratiba yake, hata hivyo, mtaalamu wa leo asingeishangaa: njia za mlimani zenye mabenchi ya kupumzikia, umbali unaoongezwa kadiri mgonjwa anavyomudu, chakula kingi, na daktari anayefuatilia kila hatua. Aliyeigeuza ratiba hiyo ni mtu aliyepata nafuu mikononi mwake, Peter Dettweiler, ambaye mwaka 1876 alianza kuongoza kituo cha Falkenstein karibu na Frankfurt. Kwa Dettweiler tiba ilikuwa kulala. Wagonjwa walinyooshwa kwenye viti virefu barazani kwa saa nyingi kila siku, wamefunikwa mablanketi hata theluji inapoanguka, kila mmoja na kichupa cha kioo cha buluu cha kutemea makohozi, kilichobuniwa na daktari huyohuyo. Kutoka hapo desturi ya baraza ilienea Davos huko Uswisi, ikavuka bahari hadi Saranac Lake katika jimbo la New York, ambako nyumba nzima nzima zilijengwa kwa kuzingatia baraza za kulalia.

Hakuna aliyelinganisha njia hizi mbili kwa haki. Brehmer hakushindwa na takwimu. Alishindwa na mambo mengine, na nadhani si vigumu kuyaona. Mgonjwa aliyelala ni rahisi kumsimamia. Homa yake hupimwa saa ile ile kila siku, hatoroki, hagombani, na anayelipa kwa siku hulipa siku nyingi. Kulala pia kunafanana na tiba machoni pa jamaa waliokuja kumtazama, ilhali kutembea kunafanana na kutojali. Haki ya Dettweiler nayo itajwe: mtu mwenye homa kali na anayekohoa damu hakuwa mtu wa kupandishwa mlima, na kabla ya dawa kupatikana, kupunguza kazi ya mwili wakati wa homa lilikuwa wazo la busara. Kosa lilikuwa kuichukua busara ya siku za homa na kuifanya sheria ya miezi na miaka, hata kwa mtu ambaye homa ilishamtoka.

Waingereza ndio waliopinga kwa vitendo, na mahali walipopingia panafaa kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1905 Hospitali ya Brompton ya London ilifungua sanatoria yake, yaani kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, huko Frimley, katika kaunti ya Surrey, na msimamizi wake, Marcus Paterson, alikuwa na tatizo ambalo Davos haikuwa nalo. Wagonjwa wake walikuwa wafanyakazi. Wakitoka walikuwa wanarudi kwenye karakana, maghala na mashamba, na mtu aliyelazwa miezi kadhaa huku akishindiliwa maziwa na mayai alirudi kazini akiwa mnene na mlegevu, akaanguka tena. Paterson akapanga kazi kwa madaraja. Mgonjwa alianza kwa kutembea umbali mfupi, ukaongezwa hatua kwa hatua. Akimudu, alipewa kikapu cha udongo cha kubeba, kisha kikapu kizito zaidi. Baadaye koleo dogo, koleo kubwa, na mwisho sururu. Kipimajoto ndicho kilichoamua: joto likipanda kazi husimama na mgonjwa hurudishwa kitandani, likishuka huanza tena katika daraja la chini. Mwenzake, Inman, alipima damu za wagonjwa na kueleza matokeo kwa nadharia ya Almroth Wright, kwamba kazi huachilia sumu za vijidudu kidogo kidogo kwenye damu na kuuzoesha mwili kujikinga. Nadharia hiyo nayo ilikufa. Kilichobaki ni kanuni ya kipimo: anza chini, ongeza polepole, tazama dalili, rudi nyuma inapobidi. Kanuni hiyo ndiyo ile ile inayomwongoza leo mtu aliyekatwa pafu.

Lakini Frimley haifai kusimuliwa kama hadithi ya shujaa aliyeuona ukweli mapema. Paterson alichagua wagonjwa wenye uwezekano wa kupona, na mtu akichagua wachezaji imara hawezi kujisifia ushindi wote. Kisha kulikuwa na harufu ya kazi ya bure. Wagonjwa walichimba, wakakata miti, wakatunza viwanja vya hospitali iliyokuwa ikiwatibu, na wakubwa wa wakati ule hawakuficha kwamba walifurahi kuona maskini hawakai bure kwa gharama za wafadhili. Tajiri wa Davos aliandikiwa kulala. Kibarua wa London aliandikiwa sururu. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Anayetaka kujua kwa nini wagonjwa na wauguzi wengi walikuja kuiogopa tiba ya kazi asitafute sababu katika fiziolojia tu. Mazoezi yaliingia hospitalini yakiwa yamefungamana na nidhamu ya tabaka la chini, na jina baya la aina hiyo halifutiki upesi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, tiba ilielemea zaidi upande wa utulivu: mbali na kumlaza mtu, madaktari walizidi kulilaza pafu lenyewe, kwa kuingiza hewa kifuani ili lisinyae na lipumzike, au kwa kukata mbavu.

Ushahidi ulipokuja hatimaye, ulitoka mbali na milima. Mwaka 1956, katika mji wa Madras nchini India, watafiti wa India, Uingereza na Shirika la Afya Duniani waliwagawa wagonjwa wa kifua kikuu kwa bahati nasibu. Wote walipewa dawa zile zile kwa mwaka mmoja, nusu wakiwa sanatoria, nusu wakibaki majumbani mwao. Wa sanatoria walilala zaidi, walikula vizuri zaidi na walihudumiwa na wauguzi. Wa nyumbani waliishi katika msongamano, wakala kidogo, na wengi walirudi kufanya kazi. Ripoti ilichapishwa mwaka 1959, na matokeo ya makundi mawili yalikaribiana sana. Dawa ndizo zilizoponya. Kulala hakukuongeza kitu cha kuonekana. Karibu karne nzima ya mabaraza na viti virefu ilikuwa imepimwa, ikakutwa nyepesi. Kwa Afrika Mashariki habari hiyo haikuwa ya mbali. Tanganyika ilikuwa na sanatoria yake Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 katika hewa ya ubaridi kwa mantiki ile ile ya Ulaya. Nchi maskini zisingeweza kamwe kujenga vitanda vya kuwalaza wagonjwa wote kwa miezi mingi. Madras ilimaanisha kwamba mgonjwa angeweza kutibiwa kijijini kwake, akiwa anatembea.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo mgonjwa wa saratani ya mapafu asingelazwa bila sababu. Haikuwa hivyo, kwa kuwa saratani hii ilirithi kitanda cha kifua kikuu kabla kitanda hicho hakijapimwa. Sigara za viwandani ziliubadili ugonjwa uliokuwa adimu mwaka 1900 kuwa janga la katikati ya karne. Madaktari wa upasuaji waliojifunza kufungua kifua kwa ajili ya kifua kikuu ndio waliougeukia. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Evarts Graham aliondoa pafu zima la kushoto la daktari mwenzake kutoka Pittsburgh, James Gilmore, ambaye alipona, akarudi kwenye kazi yake ya uzazi, na akaishi hadi 1963. Graham, aliyekuwa mvutaji mkubwa wa sigara na ambaye mwaka 1950 alichapisha pamoja na Ernst Wynder moja ya tafiti zilizoitia sigara hatiani, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Mgonjwa aliishi miaka 6 zaidi baada ya kifo cha daktari wake. Gilmore anatajwa katika vitabu vya upasuaji kama mfano wa kupona, lakini vitabu hivyo vinaeleza kirefu jinsi mishipa ilivyofungwa kuliko jinsi mtu mwenye pafu moja alivyorudia kupanda ngazi za nyumba za wajawazito. Swali la maisha baada ya kisu liliachwa kwa mgonjwa mwenyewe.

Hoja dhidi ya kitanda zilikuwa zikirundikana mahali pengine. Mwaka 1947 Richard Asher aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu hatari za kulala kitandani, akitaja mwili kiungo kwa kiungo: damu inavyoganda, mifupa inavyopungua, misuli inavyonywea. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walieleza jinsi walivyowakalisha kitini wagonjwa 81 wa shambulio la moyo badala ya kuwalaza wiki nyingi, jambo ambalo wenzao waliliona karibu sawa na uuaji. Kisha mwaka 1966, mjini Dallas, vijana watano wenye afya walilazwa kwa wiki tatu bila kuinuka. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Watu hao hao walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba wiki zile tatu za kitandani ziliwapunguzia uwezo kuliko miongo mitatu ya kuzeeka. Hao walikuwa vijana wazima. Mzee wa miaka 68 aliyevuta sigara tangu ujana, aliyekatwa pafu na kupewa tibakemikali, anaingia kitandani akiwa na akiba ndogo zaidi ya kupoteza.

Mapafu yalichelewa kuliko moyo, na sababu yake inatupeleka kwenye hofu. Mwaka 1952 Alvan Barach wa New York aliona kwamba wagonjwa wake wa mapafu yaliyotanuka walianza kumudu kutembea walipopewa oksijeni, na baada ya muda wakatembea hata bila hiyo, akapendekeza wafundishwe kama wanariadha wanavyofundishwa. Wachache walimsikiliza. Daktari aliyemwona mtu akihema hadi midomo inabadilika rangi alihitimisha kwamba mapafu yamefika mwisho, na mtu mwenyewe alihitimisha hivyo hivyo. Kilichokuja kueleweka baadaye, hasa kwa vipimo vya miaka ya 1990, ni kwamba sehemu kubwa ya kuhema huko hutoka miguuni. Misuli iliyolegea hutengeneza asidi mapema, asidi hulazimisha pumzi nyingi, pumzi humtisha mtu, naye hukaa chini. Kesho yake misuli imelegea zaidi. Mzunguko huu hauponi kwa dawa ya kifua peke yake. Huko Denver, Thomas Petty na wenzake walichapisha mwaka 1969 mpango uliounganisha oksijeni ya kubebeka, mazoezi ya kutembea, na mafunzo ya kupumua. Hapo ndipo utengamao wa mapafu ulipopata umbo tunalolijua.

Kipimo kikuu cha utengamao huo ni cha kustaajabisha kwa urahisi wake. Korido iliyonyooka, mita 30 penye nafasi. Alama mbili za kugeukia, kiti kwa dharura, saa. Mgonjwa hutembea kwa dakika 6 kwa mwendo anaouweza. Akichoka anasimama na kuegemea ukuta, lakini saa haisimami. Kila dakika mpimaji husema maneno machache yale yale ya kutia moyo, kwa sauti ile ile, ili asimsukume mmoja zaidi ya mwingine. Mwishoni huhesabiwa mita, na mgonjwa hutaja mwenyewe, kwa namba kuanzia 0 hadi 10, amehema kiasi gani. Hiyo namba ya mwisho ndiyo ninayoiona kuwa badiliko kubwa kuliko mashine zote. Frimley ilikiuliza kipimajoto. Hapa anaulizwa mtu.

Saratani ilifikiwa kwa kuchelewa zaidi. Miaka ya 1980 Maryl Winningham na wenzake wa Ohio waliwapandisha baiskeli za mazoezi wanawake waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti, na wagonjwa wa mapafu walifuata baadaye, kwa tafiti ndogo ndogo. Zilipojumlishwa, mambo mawili yalisimama imara kiasi. Wanaofanya mazoezi baada ya upasuaji hupata uwezo zaidi wa kutembea na nguvu za miguu. Na wanaoanza kabla ya upasuaji, hata kwa wiki chache, hupata matatizo ya mapafu baada ya kisu kwa kiwango kilichopungua hadi nusu au chini yake. Atakayepinga atasema tafiti hizi ni ndogo, washiriki wamechaguliwa, na mtu hawezi kufichwa kwamba anafanya mazoezi. Ni kweli yote, na ndiyo lawama niliyomtupia Paterson. Lakini lawama hiyo inakata kuwili. Kama tunadai majaribio makubwa kabla ya kumwinua mgonjwa, basi tudai vivyo hivyo kabla ya kumlaza, na kuhusu hilo Madras na Dallas zimekwisha kujibu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mazoezi hayaponyi saratani ya mapafu. Hayaponyi. Mwaka 2025 jaribio kubwa la wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana lilionesha kwamba mpango wa mazoezi baada ya matibabu ulipunguza kurudi kwa ugonjwa na vifo, ila kuchukua matokeo ya utumbo na kuyabandika kwenye pafu kutakuwa kurudia kosa la Dettweiler kwa upande wa pili.

Upande wa akili nao una historia yake, na ni ya ukimya. Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago walipoulizwa, karibu 90 kwa 100 walisema hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Huwezi kumsaidia mtu kukabiliana na hofu ya ugonjwa ambao rasmi hana. Uswahilini kwetu ndugu wengi bado hufanya hivyo kwa mapenzi, wakiliita jina la ugonjwa pembeni. Mwaka 1979 swali hilo liliporudiwa Marekani, jibu lilikuwa limepinduka: 97 kwa 100 walipendelea kusema. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1977, Jimmie Holland alianzisha huduma ya kudumu ya afya ya akili katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York. Mbinu zenyewe zilikuwepo: kulegeza misuli hatua kwa hatua kulielezwa na Edmund Jacobson tangu 1929, na mafunzo ya utulivu wa akili yalianza Massachusetts mwaka 1979 chini ya Jon Kabat-Zinn. Ikaja pia ahadi kubwa mno. Mwaka 1989 David Spiegel aliripoti kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliishi muda mrefu zaidi walipohudhuria vikao vya pamoja. Jaribio kubwa la Kanada lililochapishwa 2001 halikuona kurefuka huko, ingawa maumivu na dhiki vilipungua. Kupungua huko kunatosha. Ahadi ya kwanza ilikuwa na sumu ndani yake, kwa maana aliyekufa aligeuka kuwa mtu ambaye hakutulia vya kutosha, na wa mapafu tayari hubeba shutuma ya sigara, awe alivuta au hakuvuta.

Kwa mgonjwa wa mapafu, kutenganisha mazoezi na tiba ya wahaka hakuna maana, kwa sababu kinachomtisha na kinachomchosha ni kitu kimoja: pumzi. Mbinu nyingi za utulivu humwambia mtu aifuatilie pumzi yake, shauri zuri kwa karani mwenye mawazo, gumu kwa mtu ambaye pumzi ndiyo inayompa hofu usiku. Hata hivyo jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2017, la wagonjwa wa saratani ya mapafu na wenzi wao, lilikuta dhiki imepungua kwa wagonjwa waliofundishwa utulivu huo. Kwa wenzi wao haikupungua. Sishangai: mgonjwa anapewa kitu cha kufanya, mke au mume anabaki kusikiliza kikohozi.

Wapo watakaosema haya ni mazungumzo ya nchi tajiri, kwa kuwa wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu Afrika Mashariki hufika hospitali wakiwa wamechelewa, mara nyingine baada ya kutibiwa kifua kikuu ambacho hawana. Ni pingamizi la haki, na hakuna mazoezi yatakayoziba pengo la vipimo na wapasuaji. Ila Hospitali ya Mulago, Kampala, imekwisha kuendesha mpango wa wiki 6 wa utengamao kwa watu waliopona kifua kikuu lakini wakabaki na mapafu yaliyoharibika, nao walitembea mbali zaidi na kuhema kidogo zaidi kuliko walivyoanza. Mapafu ya mtu aliyekatwa kwa saratani hayadai kitu cha ajabu kuliko hicho, na hata mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana haki ya kufika chooni bila kudhani anakufa njiani. Korido zipo katika kila hospitali ya rufaa. Wizara zikiulizwa kuhusu bajeti, zisianze na bei ya baiskeli. Ziseme ni nani atakayelipwa mshahara wa kusimama kwenye korido hiyo na saa mkononi, mara mbili kwa wiki, hadi mgonjwa azoee.